Kura Yangu ya Siri Ilivyopanda Ukutani

Niseme mapema ili msinikate kauli katikati: yule mwanamke mliyesikia kwamba alitambaa kwa magoti kanisani Toongabbie, hapa Sydney, akiwa na yunifomu ya kazi, mbele ya mchungaji na wazee wa watu, ni mimi. Sina pa kujificha. Nimesikia pia inavyosimuliwa, eti nilikuwa nimelewa (mimi ambaye hata ile soda kali ya tangawizi inanishinda) na eti nilitaka kumwibia Mzee Mbithi simu. Sikuwa nimelewa, nilikuwa naogopa. Watu wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akiogopa sawasawa, ndiyo maana wakimwona wanadhani ni pombe.

Na chanzo chake ni mdomo. Jumamosi ile tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja tunachoma nyama, watu wa kwetu wote, na mnajua wenyewe Wakenya tukishashiba tunaenda wapi. Siasa. Chama chetu kule nyumbani kilikuwa kinajiandaa kwa mchujo wa kumpata mgombea wa urais, na mchujo wenyewe ulikuwa bado mbali kabisa, lakini tayari kila mtu alikuwa na mtu wake na mishipa ya shingo imemsimama. Waliokuwa mbele ni wawili. Mmoja tunamwita Injinia, mtu wa misafara na magari meusi, na mwingine ni mama mmoja mwanasheria ambaye tunamwita Wakili tu. Mimi nilikuwa wa Wakili, sifichi. Okello, huyu fundi wa umeme ambaye kila mtu humu amewahi kumwita nyumbani kwake taa zikigoma, alikuwa mratibu wa Injinia hapa Sydney, cheo ambacho sijui alipewa na nani, ila alikuwa na kofia yenye picha ya Injinia na alikuwa haivui hata akiwa mezani.

"Sydney yote ni ya Injinia," Okello akasema, huku anageuza mbavu kwenye moto. "Kesho salamu zake zinasomwa kanisani, na yeye mwenyewe atakuwa anatutazama laivu kutoka kule. Huyo mama yako anajulikana na nani hapa?"

"Tutaona," nikamwambia.

Basi. Neno hilo moja tu, tutaona, na mtu mwenye akili angelisema kisha akaenda kulala. Mimi nililisema nikalibeba mpaka kitandani.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu grupu, kwa sababu bila grupu hamtaelewa kitu. Mama Mbithi alipofariki (Mungu amlaze pema, ile sauti yake haijapata mtu wa kuirithi pale kanisani) tulifungua grupu la matanga kwenye simu, tukaingia sisi wa huku, wakaingia na jamaa wa nyumbani ili tupange safari ya mwili na mazishi. Na mnajua grupu la matanga halifungwi. Mazishi yanakwisha, arobaini inapita, lakini nani ataanza kutoka? Ukitoka mapema unaonekana humjali marehemu. Kwa hiyo watu wanabaki, na pole pole wanaanza kuuza humo magodoro, kutafutiana vyumba, kuulizana sukuma wiki zinapatikana wapi Cabramatta. Hilo la Mama Mbithi ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Wenye mamlaka humo, wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote, walikuwa wawili tu: Mzee Mbithi mwenyewe, mume wa marehemu, na Boni, mpwa wa marehemu, ambaye yuko Kenya.

Sasa sikilizeni vizuri. Huyu Boni ni msaidizi wa Injinia. Yeye ndiye anayemshikia simu, anayepanga nani apande gari gani. Na mdogo wangu Dime, mtoto wa mwisho wa mama yangu, ni dereva kwenye msafara huohuo. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nilimwomba Boni wakati wa matanga, maana Dime ndiye aliyewaendesha wafiwa kutoka uwanja wa ndege, Boni akaona kijana anashika usukani kwa adabu, akamchukua. Kwa hiyo Dime naye alikuwa humo kwenye grupu. Mama yetu kule Voi anamtegemea yeye, si mimi niliye huku. Mimi natuma ninachotuma, lakini anayemfikisha kliniki na kumbadilishia balbu ni Dime.

Jumapili nilikuwa na zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, Auburn. Nikiwa njiani kwenda kazini, bado giza, nikatoa simu nikatengeneza kura. Si mnajua ile sehemu ambapo unaandika swali, unaweka majina, watu wanagusa? Nikaandika: "Kura ya mapema. Kama mchujo ungekuwa leo ungempa nani?" Nikaweka Injinia, nikaweka Wakili, na chini yake nikaongeza kwa herufi kubwa, "NI SIRI. Pigeni bila woga, hakuna atakayejua." Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Mimi nilikuwa naona tarakimu tu zinapanda, na sikuwahi kujiuliza kama chini ya tarakimu kuna kitu kingine.

Kura zikaanza kuingia palepale, maana sisi wa huku ni watu wa zamu, hakuna saa ambayo wote tumelala, na kule nyumbani ilikuwa bado Jumamosi usiku, watu wako macho. Zikaenda bega kwa bega, halafu Injinia akapita kwa moja. Moja tu. Nikaona uso wa Okello na ile kofia yake. Na hapohapo Dime akanisalimia kwenye simu, yuko ndani ya gari anamsubiri mkubwa atoke hotelini.

"Dime, nipigie moja kwa Wakili," nikamwambia.

"Dada, mimi niko kwa Injinia. Si unajua ninakula huko?"

"Ni siri bwana. Nani atajua?"

"Una hakika?"

"Mimi ni dada yako. Nitakudanganya?"

Akapiga. Zikawa sawa. Nikaingia kazini natembea kama mtu aliyeshinda kiti, nikaweka simu kwenye kabati (pale kwetu hairuhusiwi kuwa nayo kwenye vyumba vya wazee), nikaanza kuwaogesha watu huku naimba.

Mapumziko ya saa nne nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa Zai. Zai ni rafiki yangu, Mtanzania, mtu wa Tanga, anakaa hapohapo Auburn, na yumo kwenye grupu kwa sababu ndiye aliyepika pilau la matanga yote. Siasa zetu hazimhusu. Alikuwa ameandika, "Shoga, hii kura yako mbona ina majina? Hebu gusa pale chini."

Nikagusa pale chini. Yakafunguka majina. Kila mtu, na picha yake ndogo, na mtu aliyempigia. Mume hapa, mke kule. Na kwa Wakili, katikati ya wengine, mdogo wangu na picha yake aliyopiga akiwa ameegemea gari la msafara wa Injinia.

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Wale ambao hawajakaa nyumbani msimu wa mchujo watasema nilikuza mambo, lakini mimi najua neno msaliti linavyotamkwa kwenye mikutano ile. Kuna kijana wa mtaani kwetu, msimu mmoja, alisemwa tu kwamba ameonekana na watu wa upande wa pili, akapigwa. Mama yake alipofika hospitalini alimpita kitandani, hakumjua mpaka kijana mwenyewe alipomwita. Hilo ndilo nililokuwa naliona nikiwa nimekaa pale kwenye kapu, na uso wa yule kijana ulikuwa umekuwa uso wa Dime.

Nikajiambia tulia, futa tu. Nikabonyeza, yakaja machaguo mawili, kufuta kwa wote na kufuta kwangu peke yangu. Miwani ilikuwa imejaa jasho. Nikagusa. Kura ikatoweka. Nikafuta jasho, nikafuta na miwani, nikashukuru Mungu, nikamwandikia Zai kwamba nimeitoa.

"Mbona mimi bado naiona?" Zai akajibu.

Nilikuwa nimeifuta kwangu peke yangu. Kwa wengine wote ilikuwa palepale, imekaa, na mimi mwenyewe niliyeitengeneza sikuweza tena hata kuigusa.

Sasa kichwa kikaanza kwenda mbio. Kenya wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo kule ni usiku mnene, Boni amelala. Akiamka atashika simu, kama kila mtu. Nikampigia Dime atoe kura yake mwenyewe. Simu imezimwa, amelala. Nikampigia tena na tena mpaka yule mama wa kwenye mtandao nikamchukia. Aliyebaki ni Mzee Mbithi, yeye angeweza kuifuta kwa wote, lakini Jumapili Mzee ndiye anayeonyesha nyimbo na maandiko ukutani, anaunganisha simu yake na ile mashine ya picha, na akishaiunganisha hapokei simu ya mtu mpaka ibada iishe. Na ibada yetu nyinyi mnaijua. Inaisha ikijisikia.

Nikaenda kwa msimamizi wangu, Mzungu mmoja mpole, nikamwambia nina dharura ya familia.

"Pole sana. Kuna mtu anakufa?" akaniuliza.

"Bado," nikasema. Akanitazama, lakini akanifungulia mlango, ila baada ya kunitafutia mtu wa kushika nafasi yangu, na huyo mtu alikuja kwa raha zake.

Nikakimbilia stesheni. Nikakuta mabango: reli inatengenezwa wikendi hii, hakuna treni, pandeni basi. Nililia pale kwenye ngazi, sitanii. Basi lenyewe likaja, likazunguka kila kona ya magharibi ya Sydney, likisimama mahali ambapo hapakuwa na hata paka wa kupanda, na mimi nimekaa mbele na glavu za kazini bado ziko mkononi (sikujua mpaka dereva aliponiuliza kama niko salama). Zai yuko kwenye simu.

"Imefika wapi?" namuuliza.

"Inaongezeka. Watu wanapiga tu."

"Kuna aliyesema kitu? Kuhusu majina?"

"Hakuna. Shoga, nikushauri? Mpigie huyo Boni mwenyewe. Akiamka tu mwambie ukweli, mwombe akufutie. Ni binadamu yule, alikula pilau langu akashukuru."

"Zai, wewe huwajui watu wa siasa zetu."

"Siwajui," akasema. "Lakini wewe unawajua na ndiye uliyewapelekea majina."

Nikamkatia simu. Mpaka leo najuta. Nilikaa nikitazama dirishani, na kila saa niliyoiona imetundikwa mahali niliipunguza saba kichwani. Sasa kule wanawika jogoo. Sasa wanawasha moto wa chai. Nilipoteremka Toongabbie ilikuwa saa saba imepita, maana yake Kenya kumekucha.

Kanisa letu linakodi ukumbi wa shule. Nikachungulia mlangoni. Mchungaji amesimama mbele anahubiri, anasema kanisa halina upande katika mambo ya siasa, kanisa ni la wote (kweli kabisa, hayo ndiyo maneno niliyoyakuta), na nyuma yake ukuta mzima mweupe umejaa mstari wa Biblia kwa herufi kubwa. Mzee Mbithi alikuwa kwenye meza yake ndogo pembeni, karibu na mbele, suti yake ya kijivu, simu mbele yake juu ya kitambaa. Nikaona nikitembea wima nitaonekana. Nikapiga magoti nikaambaa na ukuta. Kina mama wakanipisha, mmoja akanishika kichwa akidhani nimeguswa na Roho.

Nikafika. "Mzee, shikamoo. Naomba simu yako kidogo. Kuna kitu kwenye grupu la Mama lazima kifutwe."

Mzee Mbithi sikio la kushoto halisikii vizuri, na mimi nilikuwa kushoto. "Kitu cha Mama?" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. "Cha Mama gani?"

"Kura, Mzee. Nitafuta tu. Tafadhali."

Alisikia neno Mama, akaona machozi yangu, akanipa simu. Mzee yule hajawahi kumnyima mtu kitu. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikainama nayo chini ya meza, nikafungua grupu, nikapanda juu kuitafuta kura, nikaiona, nikaibonyeza. Na kwa ile haraka yangu sikuibonyeza pa kufutia. Nilibonyeza pale chini, yakafunguka majina.

Kukawa kimya. Kwanza nilidhani ni kimya cha maombi. Halafu nikasikia mtu nyuma anasoma kwa kunong'ona, jina moja baada ya jingine, na nikaona waya. Ule waya mweusi ulikuwa bado umechomekwa kwenye simu niliyokuwa nimeshika. Nikainua macho polepole.

Ukuta mzima. Majina yetu wote, picha zetu wote, kila sura kubwa kama sahani. Mchungaji aligeuka akasoma naye, na akafika kwa mke wake, na akafika kwake mwenyewe, kwa Injinia, maana mtu wa kanisa lisilo na upande alikuwa amepiga kura alfajiri kabla ya kuandaa hubiri. Watu wa ndoa walianza kutazamana. Na kwa Wakili, jina la kwanza kabisa kuonekana, na kofia yake kwenye picha, alikuwa Okello, ambaye saa nne hakuwepo. Mratibu wa Injinia Sydney. Mwenyewe alikuwa amekaa safu ya tatu, amekunja mapajani karatasi ya salamu za Injinia alizokuwa asome baadaye, na nikamwona anaivua ile kofia pole pole na kuikalia.

Siku nyingine ningecheka mpaka niombewe. Lakini chini ya Okello alikuwa Dime, ameegemea gari.

Nikabonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Nikarudi nyuma, nikaipata kura, nikaishika, nikasoma safari hii neno kwa neno nikitamka kwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, futa kwa wote, na kanisa lote likisoma pamoja nami ukutani. Ikafutika. Ukutani pakaandikwa kwamba ujumbe umefutwa, na mzee mmoja nyuma akasema amina.

Nikashusha pumzi. Na nikiwa naishusha, nikaiona tableti ya kanisa. Imesimama kwenye stendi yake katikati ya njia, inatazama mbele kama kila Jumapili, na ile nukta nyekundu inawaka. Laivu. Yale maneno ya Okello ya jana yake, pale kwenye mbavu, yakanirudia yote kwa pamoja: salamu zinasomwa kanisani, na yeye mwenyewe atakuwa anatutazama.

Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka niko nje kwenye nyasi za shule, napiga simu, na simu ya Dime sasa inaita. Inaita na haipokelewi. Afadhali ilivyokuwa imezimwa. Okello akaja akasimama kando yangu, kichwa wazi.

"Mghoi, ile kitu ilienda mpaka nyumbani?" akaniuliza.

"Ilienda."

"Nilidhani ni siri," akasema. Hakunigombeza. Alikaa kwenye nyasi na suruali yake ya Jumapili, na tukakaa hivyo, mimi na mpinzani wangu, tunaangalia simu moja.

Mchana wote ule Dime hakupokea. Halafu simu ikazimwa tena. Nilirudi nyumbani kwa yale mabasi, nikakaa jikoni, sikupika, sikuwasha taa. Mama alinipigia kutoka Voi kunisalimia tu, akaniuliza, "Dime umeongea naye? Alisema atanipigia wakifika kwenye mkutano." Nikamwambia mtandao mbaya. Nilimwambia mama yangu mtandao mbaya huku namwona mwanawe chini na watu wamemzunguka. Kila nikifumba macho walikuwa wameongezeka. Zai alikuja bila kuitwa, akaniwekea chai mbele, hakusema neno lolote la "nilikuambia", na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jioni simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Dada." Alikuwa Dime. Nikaanza kulia kabla hajasema kitu. "Usilie. Niko kwenye lori la vitunguu, narudi nyumbani. Simu ni ya dereva, yangu imeisha chaji."

"Wamekupiga?"

"La. Boni alisimamisha gari porini, kabla hatujafika kwenye mkutano. Akasema toa ufunguo, shuka, ingia kichakani mpaka msafara upite. Vijana wa gari la nyuma walikuwa wameshaambiwa, wananingojea kule mbele. Akasema tukifika hataweza kuwazuia." Nikasikia lori likibadilisha gia. "Dada, nilikuuliza kama una hakika."

Nikamuuliza kama amekula.

Boni alinipigia baada ya siku kadhaa. Nilitegemea matusi, na angenitukana ningeshukuru. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Dada Mghoi, ile kura mimi niliiona asubuhi nilipoamka, na majina nikayaona. Na Dime nikamwona. Nilicheka. Hawa vijana wote wanampenda yule mama, mimi najua, nisingemfukuza dereva mzuri kwa hilo. Nilikuwa namngoja Mjomba Mbithi atoke kanisani nimwombe ruhusa niifute, maana lile ni grupu la Shangazi, sikutaka kufutafuta vitu humo bila yeye. Halafu mkubwa akaja kunywa chai, akasema niwekee ibada ya Sydney, nisikie salamu zangu. Ukatokea wewe."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama ningempigia simu asubuhi ile ingekuwaje.

"Ningeifuta," akasema. "Ungenipigia tu."

Basi ndiyo hayo. Kitu ambacho kingeisha kwa simu moja nilikibeba kwa basi kutoka Auburn mpaka Toongabbie, nikakiweka ukutani, nikamwonyesha Injinia mwenyewe akiwa na kikombe mkononi. Grupu la Mama Mbithi lilifungwa wiki hiyohiyo, na nadhani ndilo grupu la matanga la kwanza kufungwa katika historia yetu. Mzee Mbithi alinisamehe hapohapo. Hadi leo anaamini nilikuwa nafuta kitu cha kumchafulia mkewe jina. Mchungaji siku hizi hunisalimia kwa mkono mmoja tu, si kwa miwili kama zamani. Okello ni rafiki yangu sasa, ila kofia sijaiona tena. Na mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitamwambia tena mtu yeyote kwamba jambo ni siri kama sijalifunga kwa mikono yangu mwenyewe, na sitaomba tena mtu anipigie kura, hata ya kuchagua rangi ya sare za harusi.

Dime siku hizi anaosha magari pale Voi, ya aina ileile aliyokuwa akiiendesha. Anaongea nami. Ananieleza kliniki ya mama, mvua, bei ya sukari, mambo ya kawaida, lakini nikisema "niamini" anaongea kitu kingine.

Mchujo wenyewe ulipofika hatimaye, aliyeshinda mnamjua, sina haja ya kumtaja. Siku ile nilikaa na simu mchana kutwa, nilitamani sana kumuuliza Dime. Jioni akanitumia picha bila neno lolote. Kidole chake tu, kimepakwa wino. Nikaitazama mpaka skrini ikazimika yenyewe, na sikumuuliza alimpa nani.